Maji ya rangi ya chai, na jibu nililolitoa haraka

Ilikuwa mwezi wa tatu, barafu bado nene ziwani, jirani yangu akagonga mlango ameshika ndoo, na ndani ya ndoo kuna samaki mkubwa aina ya paiki, kichwa kimetokeza juu. Kamvua mwenyewe. Katoboa barafu, kakaa pale na mshipi wake kama anavofanya tangu akiwa binti, na sasa ana miaka sabini na kitu.

Tulikuwa kaskazini mwa Uswidi, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Umeå. Mimi nilikuwa kule kwa masomo, kazi yangu ni kuchota maji ya vijito na kuyapima zebaki, ile metali yenye sumu, na kijiji kizima kilikuwa kinajua hivo, mgeni wa chupa.

Akaniuliza swali moja. Alisema haya maji yamezidi kuwa ya kahawia, zamani akisimama ziwani maji yanamfika kiunoni anaviona vidole vyake vya miguu, sasa havioni vizuri, je, hiyo kahawia ndiyo inayowapa samaki zebaki? Afu akaongeza, kama anaongea na ndoo yake, kwamba mjukuu wake ana mimba na anakuja Pasaka na anampenda sana paiki.

Nikajibu chapchap. Nikasema hapana, ile kahawia ndiyo inayoishika zebaki, ni kama sponji, inaizuia isizurure ovyo.

Akashukuru, akanikatia kipande cha samaki, akaenda.

Hilo la mjukuu nililirekebisha kesho yake asubuhi kabla sijanywa hata chai. Mamlaka ya chakula ya Uswidi inashauri wanawake wenye mimba, wanaonyonyesha na wanaopanga kupata mtoto wasimle paiki zaidi ya mara 2 au 3 kwa mwaka, nikaenda nikamwambia, akasema anajua, alitaka tu kusikia kama mambo yamebadilika. Lakini lile la kahawia lilibaki linanila. Nililala nalo, nikaamka nalo, wiki ya kwanza, ya pili, ya sita.

## Kwa nini nilijibu vile

Ukichota maji ya kijito cha msituni kule ukayanyanyua kwenye mwanga unaona chai ya rangi iliyokolea. Ile rangi ni majani, mizizi, magome na sfagnamu, ile mimea laini ya vinamasini, vitu vilivooza nusunusu vikalowekwa miaka na miaka mpaka vikaingia majini. Wataalamu wanaiita maada ya kikaboni iliyoyeyuka, mi hapa nitasema mboji tu. Na hilo neno "iliyoyeyuka" lisikutishe, maana yake kimaabara ni kwamba imepita kwenye filta, mara nyingi ile yenye vitundu vya maikromita 0.45, basi.

Ndani ya mboji kuna salfa kidogo, na sehemu ya hiyo salfa imekaa katika umbo linaloitwa thioli. Zebaki ikikutana na thioli inang'ang'ania kwa nguvu ambayo kwenye maji yenye oksijeni karibu hakuna kingine cha kushindana nayo. Na zebaki yenyewe ni kiduchu mno, vijito vya kule vina nanogramu chache kwa lita, na nanogramu 1 kwa lita ni gramu 1 iliyotawanywa kwenye lita bilioni 1. Thioli ziko nyingi kuizidi kwa mbali. Kwa hiyo karibu kila chembe ya zebaki iliyo kwenye kijito cha kahawia imeshashikwa tayari.

Ndo nikatoa ile sponji. Na ukweli ni kwamba sikudanganya.

Ila mtu anaweza kusema ukweli mmoja akamwacha mwenzake gizani.

## Mikono safi, mikono michafu

Mwishoni mwa mwezi wa nne theluji ikaanza kuyeyuka. Kule hicho ndo kipindi cha mwaka, wiki mbili tatu hivi vijito vinabeba maji mengi kuliko miezi mingi ikijumlishwa, na sisi tulikuwa tunachota karibu kila siku.

Kuchota maji ya zebaki kuna taratibu yake. Mnaenda wawili. Mmoja ni "mikono safi", yeye anagusa chupa tu na kifuko cha ndani, mwingine ni "mikono michafu" anashika kila kitu kingine, kifuko cha nje, mlango wa gari, daftari. Unasimama ukiwa umeelekea mkondo unakotokea, unachota kabla ya pale miguu yako ilipochafua. Hata pumzi inaogopwa, maana mtu mwenye jino lililozibwa kwa amalgamu anapumua mvuke wa zebaki na ule mvuke unaweza kuharibu sampuli. Nilipenda sana ile heshima. Watu wazima wawili kwenye matope, wamenyamaza, kwa ajili ya kitu ambacho hata ukikikusanya chote cha kijito kizima siku nzima hakijai kijiko.

Vijito vyetu vilikuwa viwili vinavyokaribiana. Kimoja kinatoka msituni, kingine kinatoka kwenye kinamasi cha sfagnamu. Nilitegemea vyote viwili vitafanya kitu kimoja.

Cha msituni kikazidi kuwa cheusi kadiri maji yalivoongezeka. Cha kinamasini kikapauka.

Wenyeji wa fani wanalijua hili zamani, bonde la Krycklan pale karibu na Vindeln limepimwa miaka mingi na limeonyesha wazi kabisa, lakini kulisoma na kulishika kwenye chupa ni vitu viwili. Msituni, theluji ikiyeyuka, maji ya chini ya ardhi yanapanda yanafika kwenye tabaka la juu la udongo kando ya kijito, lile lililojaa mboji, na yanaisukuma mboji kutoka. Kinamasini, juu bado kumeganda, maji ya theluji yanateleza juu ya barafu yanaingia mtoni meupe, yanaizimua ile chai.

Na zebaki ikafuata mboji. Kijito cha msituni mboji ilipopanda na zebaki ikapanda, ukiweka grafu moja juu ya nyingine unadhani mtu mmoja kazichora. Hii nayo si ajabu, kwenye mito mingi ya kaskazini ukijua kaboni iliyoyeyuka unaweza kukisia zebaki bila kukosea sana.

Nilikaa na ile grafu usiku nikajisikia vibaya. Nilimwambia yule mama kwamba mboji inaishika zebaki. Sikumwambia kwamba inaishika huku inatembea. Inaitoa kwenye udongo ambako ilikuwa imetulia miaka mingi, inaibeba mpaka ziwani kwake.

## Hakuna bomba

Hapa kuna kitu kinaniuma kila nikikifikiria. Kule Ontario, Kanada, kiwanda cha Dryden kilimwaga zebaki kwenye mto Wabigoon kati ya 1962 na 1970, karibu tani 9, na watu wa Grassy Narrows, jamii ya wenyeji wa kule, wanaishi na matokeo yake mpaka leo. Ni unyama, lakini angalau unaweza kunyoosha kidole ukaonyesha bomba.

Ziwa la jirani yangu halina bomba. Hakuna kiwanda kule juu, ni misonobari tu na vinamasi. Zebaki yake imeshuka toka angani, kutoka kwenye makaa ya mawe yaliyochomwa sehemu nyingine kabisa, kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya sehemu nyingine, nyingine kutoka volkano, maana mvuke wa zebaki unaweza kuzunguka hewani miezi mingi kabla haujatua. Na hautui kwa mvua na theluji tu. Majani yanaunyonya wakati yanapumua, afu yanadondoka nao. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Toolik huko Alaska ukaonyesha kwamba hata mimea mifupi ya tundra, nyika baridi isiyo na miti, inavuta zebaki moja kwa moja kutoka hewani, na kwamba hiyo ndiyo njia kubwa inayoiingiza kwenye ule udongo.

Kwa hiyo jani linaileta, jani linaoza, jani linakuwa mboji, na mboji inaondoka nayo. Mboji na zebaki hazikukutana mtoni kama nilivokuwa nawaza. Zimetoka pamoja tangu mtini.

## Zebaki gani hasa?

Sasa nikaingia kwenye sehemu iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu samaki hajazwi na ile zebaki ya kawaida niliyokuwa naichorea grafu. Anajazwa na zebaki ya methili, yaani zebaki iliyoungana na kipande kidogo cha kaboni na hidrojeni. Kwenye nyama ya paiki karibu zebaki yote iko katika umbo hilo, wakati majini ni sehemu ndogo tu, na toka maji mpaka paiki ukolezi wake unaweza kuongezeka zaidi ya mara milioni.

Wanaoitengeneza ni bakteria na ndugu zao wanaoishi pasipo na oksijeni, kwenye tope na vinamasi. Kwamba ni viumbe hai wanaofanya hivyo ilionyeshwa hapohapo Uswidi na watafiti Jensen na Jernelöv, 1969. Ila ilichukua mpaka 2013 kujua jeni zinazohusika, hgcA na hgcB, na zilipojulikana watu wakaanza kuzikuta kwa bakteria ambao hakuna aliyewashuku.

Na mboji iko wapi kwenye stori hii? Iko kila mahali, na ndo maana nilishindwa kulala.

Ni chakula cha hao bakteria. Wakiila wanamaliza oksijeni, na oksijeni ikiisha kazi yenyewe inaanza. Hapo mboji ni adui.

Lakini zebaki iliyoshikwa na molekuli kubwa la mboji ni ngumu kuingia ndani ya bakteria. Hapo mboji ni mlinzi, ndo sponji yangu.

Lakini tena, kwenye matope yenye salfaidi, umbo la salfa la mahali pasipo na oksijeni, zebaki na salfaidi zikiachwa zingeungana zikawa punje ngumu za madini ambazo bakteria hawezi kuzifaidi. Mboji inaziingilia, inazizuia zisikue, zinabaki vipunje vidogo mno, na vipunje vidogo bakteria anavimudu. Kwa hiyo mboji ileile, zebaki ileile, badilisha tu kilichopo majini, mlinzi anageuka mfungua mlango.

Nilijaribu kuandika sentensi moja itakayobeba haya yote. Nilifuta labda mara kumi.

Na kile kijito cha kinamasini kilichopauka wakati wa theluji, ambacho nilishakiona kama kisafi? Ikifika kiangazi, maji ni machache, joto limepanda, tope halina hewa, hicho ndo kinachotoa zebaki ya methili kwa wingi ukilinganisha na mwenzake wa msituni. Ukipima mwezi wa tano unakisifia. Ukipima mwezi wa nane unakigeuzia uso.

Hata biva, wale wanyama wanaoziba vijito kwa miti, wanahusika. Biva akijenga bwawa jipya akazamisha msitu, zebaki ya methili kwenye maji yanayotoka bwawani inapanda, wapimaji wa Uswidi wamekuta mpaka zaidi ya mara 3 ya ilivyo kwenye maji yanayoingia, ila bwawa la zamani ambalo biva wamelirudia halifanyi hivo. Chakula kipya kimezama, bakteria wanakula. Kikiisha, kasi inapungua.

## Tulisafisha hewa

Swali la mama lilikuwa na kipande cha pili ambacho nilikiruka kabisa: kwa nini maji yamezidi kuwa ya kahawia?

Yeye haoti. Maziwa na vijito vingi vya kaskazini mwa Ulaya na mashariki mwa Amerika ya Kaskazini vimekuwa vya kahawia zaidi kwa miongo kadhaa, na mwaka 2007 ulitoka uchambuzi kwenye jarida la Nature uliohusisha sehemu kubwa ya hilo na kupungua kwa mvua ya asidi. Salfa ya viwandani ilipokuwa inanyesha, udongo ulikuwa na asidi na chumvi nyingi, mboji inabaki imeshikana na udongo. Nchi zikakaza sheria, salfa ikapungua, mboji ikaachiwa. Mabadiliko ya tabianchi na namna misitu inavotunzwa navyo vina mkono wao, ila salfa ni kubwa.

Sasa fikiria. Hewa ikasafishwa, jambo jema kabisa, maji yakawa meusi.

Nilipofika hapo nilikata tamaa kidogo, nikaona kama kila ukirekebisha hiki kinaharibika kile. Ila kuna jaribio la Minnesota, kwenye msitu wa utafiti wa Marcell, lilinirudisha. Walichukua kinamasi wakakigawa, nusu moja wakainyunyizia salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, kwa kiwango kinachofanana na miaka ya mvua chafu, na zebaki ya methili ikapanda, kwa sababu bakteria wengi wanaoitengeneza wanatumia salfeti kupumua. Walipoacha kwenye sehemu fulani, ikaanza kushuka. Yaani ileile salfa iliyokuwa inaifunga mboji udongoni ilikuwa inawalisha bakteria kinamasini. Kuipunguza kumeachia wabebaji wengi zaidi na wakati huohuo kumewanyima wapishi moto.

Ipi imeshinda kwenye ziwa la jirani yangu? Chupa zangu haziwezi kulijibu hilo, nilikuwa napima vijito.

## Ziwa linafanya nini na chai

Nikajiambia nifuate maji mpaka mwisho, yaani yakishaingia ziwani.

Jua linavunja zebaki ya methili. Maji ya kahawia yanazuia jua kupenya, kwa hiyo sehemu inayosafishwa inakuwa tabaka jembamba tu la juu. Hiyo ni hasara.

Halafu kuna ukomo fulani. Kwenye maziwa ya tundra magharibi mwa Aktiki ya Kanada walipima vijidudu vya majini wakakuta kwamba mboji ikipanda toka kidogo kwenda wastani, zebaki ndani ya vijidudu nayo inapanda, ila ikivuka kama miligramu 8 hadi 9 za kaboni kwa lita inaanza kushuka, kwa sababu sasa mboji ni nyingi mno na imeikumbatia zebaki kiasi kwamba viumbe hawaipati. Nilisoma ile nikafurahi, nikaona sponji yangu imerudi! Ziwa la jirani limevuka hapo, basi nilikuwa sahihi.

Siku mbili baadaye nikasoma nyingine. Wanasayansi waliweka maji ya pwani ya ghuba ya Bothnia, upande huohuo wa Umeå, kwenye matangi makubwa wakaongeza mboji ya nchi kavu. Asilimia 15 hadi 20 tu zaidi ya mboji, na zebaki ya methili ikajilimbikiza kwenye zuplanktoni, wale wanyama wadogo wanaoelea majini, mara 2 hadi 7 zaidi. Sababu haikuwa kemia peke yake. Giza na chakula kipya vilibadilisha nani anamla nani. Mwani unaotegemea mwanga ukapungua nguvu, bakteria wanaokula mboji wakashika usukani, na mnyororo wa kula ukarefuka, kila pingu ya ziada ikiongeza zebaki juu yake.

Nikafunga laptopu. Nilielewa kwamba nilikuwa natafuta utafiti wa kunitetea mimi, wakati mama aliuliza kuhusu ziwa lake.

## Ziwa 658

Kilichonituliza kilitoka Ontario tena, eneo la maziwa ya majaribio. Kuanzia 2001, kwa miaka 7, waliongeza zebaki kwenye bonde la Ziwa 658, lakini zebaki yenye alama, isotopu (yaani zebaki yenye atomi za uzito wake) tofauti kwa kila mahali, moja ya msituni, moja ya kinamasini, moja ya ziwani penyewe. Baadaye ukimpima samaki unajua zebaki yake imetoka wapi.

Zebaki iliyoingia ziwani moja kwa moja ilionekana kwa samaki upesi. Ile ya msituni na kinamasini karibu yote ilibaki hukohuko, ikitoka kidogokidogo sana. Na walipoacha kuongeza, zebaki ya methili ndani ya samaki ilishuka, matokeo yakachapishwa 2021.

Nilisoma hiyo nikiwa nimesimama. Kumbe udongo na mboji ni ghala kweli, zinaweka. Tatizo ni mlango wa ghala, na unafunguliwa na mafuriko ya theluji, biva, mitaro ya misitu, joto. Na kaskazini zaidi ghala ni barafu ya ardhini, udongo ulioganda miaka yote, makisio ya 2018 yalisema udongo wa maeneo hayo una zebaki kama tani 1,656,000, ya 2020 yakashusha mpaka kama 597,000 kwa mita 3 za juu, na hata ile ndogo inanifanya ninyamaze.

Lakini pia: kinachoshuka toka angani leo kina uzito wake kwa samaki wa leo. Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa wa kupunguza zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 si karatasi tu, unaligusa hata ziwa lisilo na bomba.

## Nilirudi

Mwezi wa sita nilienda kwake na chupa mbili, ya msituni na ya kinamasini. Nikamwambia nilimjibu nusu. Nikamweleza kwamba kahawia inashika zebaki na pia ndiyo inayoisafirisha, inaweza kumkinga samaki na inaweza kumzidishia, inategemea kiasi chake na inategemea nani anaishi chini kule, na kwamba kwa ziwa lake mwenyewe hakuna jibu mpaka mtu apime ziwa lake, maji na samaki, si vijito vya jirani.

Alisikiliza, akaziangalia zile chupa kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu. Afu akaingia jikoni akatoka na mfuniko wa sufuria wa enameli nyeupe, umetobolewa katikati, umefungwa kwenye kamba yenye mafundo kila nusu mita. Akasema ni wa mama yake, walikuwa wanaushusha pembeni ya boti kila siku ya katikati ya kiangazi, wanahesabu mafundo mpaka upotee. Hesabu zimeandikwa kwa penseli ndani ya mlango wa banda la boti, toka kabla yeye hajaolewa.

Tukaenda kuziona. Miaka mingine hakuna kitu. Namba za juu ni tisa, nane, nane, tisa.

Tukasukuma boti. Mimi nikawa mikono safi, yeye akashika kamba, tukafika pale anapotoboaga barafu, akaushusha polepole huku anahesabu kwa sauti.

Mfuniko ulipotea kwenye fundo la nne. Nikachota.